Kazi ya Kupunguza: Jinsi Gogo Linavyogeuka Mtumbwi

KABLA hujafunua ukurasa wa pili, itazame kidogo meza uliyoliwekea gazeti hili. Kama si ya plastiki, basi ni vipande: miguu minne, ubao wa juu, mbao za kukaza miguu, misumari na gundi. Fundi wa jua kali aliyeiunda alianza mikono mitupu akawa anaongeza hiki na kile. Mguu mmoja ukitoka mfupi, aliutupa pembeni akakata mwingine. Kochi ni hivyo hivyo, nguo uliyovaa ni hivyo hivyo, na hata nyumba unamokaa, iwe Umoja au Changamwe, ni mawe yaliyopandana. Sisi watu wa mjini tumezoea vitu vya kuongeza.

Leo nataka tuzungumzie kitu kinachotengenezwa kwa kupunguza. Unaanza na kingi mno, yaani mti mzima, halafu unatoa, unatoa, unatoa, hadi kibaki kile unachokitaka. Ukitoa kidogo, utakuwa na gogo zito linalobeba maji badala ya kubeba watu. Ukitoa zaidi ya kiasi, utakuwa na tundu, na mbao iliyokwisha kuwa kibanzi hairudi mahali pake. Kitu chenyewe ni mtumbwi wa gogo moja, na mahali nilipochagua tusimame kuutazama ni Sio Port.

Jina lisikutatize. Hii si ile "sio" ambayo mwalimu wako wa Kiswahili alikuwa akiizungushia wino mwekundu akitaka uandike "si". Ni jina la mto. Wengi wanaoujua mpaka wa Kenya na Uganda kupitia dirisha la basi wanaijua Busia na Malaba tu, kwa foleni zake za malori na wabadilishaji wa pesa. Lakini ukiiacha barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia pale Bumala, ukapitia Funyula na milima ya Samia, utateremka hadi Ghuba ya Berkeley katika Ziwa Victoria. Huko Mto Sio, ambao kabla ya kumwaga maji yake ziwani ndio mpaka wa nchi hizi mbili kwa sehemu fulani, umelipa bandari jina. Ng'ambo ni Majanji, Uganda. Malori ni ya Malaba. Huku ni vyombo vya majini.

Ufuoni usitarajie kukuta mitumbwi ya gogo imepangwa kama matatu stendi. Mashua utakazoziona kwa wingi katika ziwa hili ni za mbao, ndefu, zimechongoka mbele, zimepigiliwa misumari na kupakwa rangi, na ubavuni zimeandikwa majina. Mtumbwi wa gogo sasa ni wa kutafutwa. Makao yake ni mitoni, katika vijia vya maji ndani ya mafunjo, na kwenye vihori ambako mawimbi makubwa hayafiki. Yaani kile chombo kilichomzaa mwenzake wa mbao kimesukumwa hadi kwenye matete, kama babu aliyehamishiwa chumba cha nyuma.

Na babu huyu ni mkongwe kwelikweli. Sikiliza majina yake. Waganda wanamwita "eryato". Wanyarwanda na Warundi wanamwita "ubwato". Kwa Kilingala, huko Kongo, ni "bwato". Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba hilo ni neno moja la kale sana, ambalo mababu wa Wabantu walikuwa nalo tangu kabla hawajatawanyika. Jirani zetu Waluo wana lao, "yie". Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtumbwi, na jamaa zake hori na ngalawa.

Mwaka 1987, kule Dufuna katika Jimbo la Yobe nchini Nigeria, mfugaji mmoja wa Kifulani alikuwa akichimba kisima akagonga ubao mgumu chini ya ardhi. Ulikuwa mtumbwi wenye urefu wa zaidi ya mita 8, na wanaakiolojia walipoupima umri ulionekana kuwa na miaka kama 8,000. Ndio wa kale zaidi uliowahi kupatikana Afrika. Uholanzi wana wao, uliofukuliwa karibu na kijiji cha Pesse mwaka 1955 wakati wa kujenga barabara kuu, nao ni wa miaka kama 10,000. Fikiria, msomaji: siku hizo chuma hakikujulikana. Watu walitumia mawe yenye makali, na katika sehemu nyingi za dunia walitumia pia moto, wakiunguza kidogo na kukwangua makaa, wakiunguza tena na kukwangua tena.

Samia walikuwa na bahati. Milima ile unayoipita ukishuka Sio Port ina mawe ya chuma, na wahunzi wa Kisamia walijulikana kote katika pembe hii ya ziwa. Waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe ambayo yalisafiri mbali na kubadilishwa kwa mifugo na nafaka. Anayefua jembe hashindwi kufua shoka. Kwa hivyo hapa palikuwa na mti, palikuwa na chuma cha kuukatia, na palikuwa na maji ya kuuweka. Ukiniuliza, sijui mtu angetaka nini zaidi.

Haya, tuseme wewe msomaji umeamua kuchonga mtumbwi wako. Vua saa ya mkononi, kwa maana haitakusaidia.

Kwanza mti. Unatafuta shina lililonyooka, nene, lisilo na matawi ya chini. Kila tawi huacha fundo, na fundo ni mahali ambapo tezo huruka na baadaye maji hupenya. Huku magharibi mti wenye sifa ni mvule. Kiini chake mchwa hawakiwezi, na kikizama na kukauka mara elfu hakiozi upesi. Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wachongaji wa ngalawa wamezoea mwembe, ambao haudumu sana lakini shina lake huwa pana. Hapo nataja lile shina la embe za kizamani. Miembe ya kupandikizwa ya siku hizi ni mifupi na hutanua matawi karibu na ardhi, ikamfurahisha mchumaji na kumwacha mchongaji bila kazi.

Mvule nao una mambo yake. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Unga wake ukiruka huwasha pua na ngozi, na wapo mafundi wanaopiga chafya siku nzima. La ajabu zaidi ni kwamba mti huu huweza kuficha mawe. Naam, mawe. Chokaa hujikusanya polepole ndani ya shina, hasa penye jeraha la zamani, ikaganda ikawa gumu kama jiwe la kawaida. Huwezi kuliona kutoka nje. Unalijua siku tezo uliyoinoa asubuhi yote inapolia "ng'a!" na makali yake kupinda.

Kabla ya kuangusha, fundi huuzunguka mti akiugonga kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Sauti ya debe tupu humwambia kwamba ndani mmeoza, akaenda zake. Akiridhika, hutazama mti utakapoangukia. Hili si la kupuuzwa. Shina likiangukia jiwe au kisiki linaweza kupata ufa ndani usioonekana, ambao utajitokeza baada ya kazi ya wiki tatu. Ndiyo maana aghalabu hutandikwa matawi chini, mti uanguke kama mgonjwa anayelazwa kitandani.

Na unapoanguka ndipo karakana inapofunguliwa. Usifikirie kulipeleka gogo nyumbani kwanza. Chukua gogo la mita 5 lenye kipenyo cha sentimita 80. Wanafunzi, toeni kalamu: nusu ya kipenyo mara nusu ya kipenyo, mara pai, mara urefu. Tunapata mita za ujazo 2.5. Mti mbichi uzito wake hauko mbali sana na ule wa maji, kwa hivyo mbele yako kumelala tani mbili au zaidi. Huzibebi. Unachonga papo hapo porini, ukipunguza uzito kila siku, hadi siku utakayoweza kuuburuta.

Gome hutoka kwanza, kisha upande wa juu husawazishwa. Halafu huchukuliwa kamba iliyopakwa masizi, ikakazwa toka ncha hadi ncha, ikavutwa juu na kuachiliwa. Taa! Mstari mweusi umelala katikati ya gogo. Mstari huo ndio mtumbwi wote. Ukienda upande kidogo tu, chombo kitakuwa kikipinda upande mmoja maisha yake yote, na kila mpiga kafi atakayekitumia atakulaani bila kukujua.

Nje huchongwa kabla ya ndani, na wanafunzi wangefanya vyema kujiuliza kwa nini. Gogo likiwa bado zima ni imara, unaweza kulipindua, kulipanda na kulipiga kwa nguvu. Likishakuwa na uwazi ndani, kipigo kimoja kikali hulipasua. Basi ncha mbili hunyolewa, ya mbele omo na ya nyuma tezi. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ikiwa hujawahi kuelewa methali hiyo shuleni, ngama ni pale chini katikati ya chombo ambapo maji huteremkia na mtu huketi kuyachota. Gogo hupinduliwa, tako la mtumbwi likalainishwa: bapa kidogo lisije likabingirika, mviringo kidogo lipate kuteleza.

Sasa ndani. Shoka hukata mifereji ya kukingama kuanzia mbele hadi nyuma, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa hatua fupi. Kisha vile vipande vilivyobaki kati ya mfereji na mfereji hubanduliwa kwa kabari, vikatoka vinene kama mikate. Hii ni kazi ya nguvu na hutia moyo, kwa kuwa asubuhi ulikuwa na gogo na jioni una kitu kinachofanana na hori la ng'ombe. Vijana huipenda. Wengi hufikiri wamekaribia kumaliza.

Hawajaanza. Shoka huwekwa kando, na kinachofuata ni tezo. Tezo ina bapa lililokaa kingamo kama jembe, nawe unasimama ndani ya mtumbwi, miguu umeitanua, ukivuta makali kuelekea kwako. Kuelekea vidole vyako vya miguu, nasisitiza. Kila pigo hutoa kibanzi chembamba. Ukipiga kwa hasira, tezo huzama. Ukipiga kwa uvivu, huruka. Kuna fundi anayeweza kupiga hivyo kutwa nzima huku akipiga gumzo, na sakafu ya mtumbwi ikabaki na vialama vilivyopangana kama magamba ya samaki.

Na hapa, msomaji, ndipo penye roho ya jambo. Kadiri unavyokomba ndani ndivyo huoni nje. Ukuta unapungua, lakini umebaki unene gani? Chini panatakiwa kubaki pakubwa zaidi, tuseme vidole vitatu, kwa sababu mtumbwi huburutwa juu ya mchanga na mawe. Kando hupunguzwa hadi kama vidole viwili, ili chombo kiwe chepesi. Ukiacha sentimita moja zaidi kila mahali, umeongeza makumi ya kilo. Ukizidisha pigo moja, unaona mwanga.

Njia ya zamani ni mikono na masikio. Fundi huweka kiganja kimoja ndani na kingine nje, akatelezesha vyote viwili pamoja kana kwamba anapima shavu la mtoto mwenye homa. Halafu hugonga kwa vifundo vya vidole. Palipo nene hujibu kwa sauti nzito. Palipo nyembamba hulia juu kidogo. Huwezi kumfundisha mtu hivyo kwa kumwandikia ubaoni. Lazima asikie nene mia na nyembamba mia, akiwa amesimama karibu na mtu anayejua tofauti yake. Wenzetu wa mbali walibuni njia nyingine. Wachongaji wa pwani ya Pasifiki kule Amerika Kaskazini, na wale wa Estonia huko Ulaya, hutoboa vitundu vidogo kutoka nje na kuvishindilia vijiti vya urefu mmoja uliopimwa. Fundi akikomba ndani akaona ncha ya kijiti, anajua hapo ni mwisho. Ni akili nzuri, ingawa nashuku mzee wa masikio angeicheka.

Ukifika hapo usikimbilie majini. Adui sasa ni jua. Mti mbichi uliochongwa mwembamba hukauka upesi, na ukikauka upande mmoja kabla ya mwingine hupasuka, kwa kawaida kuanzia kwenye ncha. Basi mtumbwi hulazwa kivulini, ukafunikwa majani, ukanyunyiziwa maji, ukaachwa ujikaushe kwa adabu. Pwani hupakwa mafuta ya papa, yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau Krismasi tatu. Ufa mdogo ukitokea, huzibwa na kupigiliwa kipande cha bati. Mwenye mtumbwi hataona aibu. Mwenye kuuchonga ataona.

Ndipo watu huitwa. Ule mzigo wa tani mbili sasa ni kama kilo mia mbili na ushee, na kwa magogo ya kuviringisha, kamba, nyimbo na sufuria za chakula walizotangulia kupika akina mama, unashuka hadi majini. Ukiwekwa juu ya maji huinamia upande mmoja, karibu kila mara. Kila mtu hunyamaza. Fundi hutazama, akaingia na tezo yake, akanyoa kidogo upande mzito. Maji ndiyo mwalimu anayesahihisha mtihani huu.

Sasa turudi kwenye swali nililoliruka. Ikiwa ni kazi tamu hivi, mbona imesukumwa matetenii? Jibu la kwanza ni la ziwa lenyewe. Upana wa mtumbwi hauwezi kuzidi upana wa mti, na ubavu wake hauwezi kuzidi nusu ya gogo. Kwenye mto hilo si neno, na ndiyo maana katika Ziwa Bunyonyi kule Kabale, maji yaliyotulia kati ya vilima, mitumbwi ya gogo bado inavusha watu. Lakini Ziwa Victoria si bwawa. Upepo ukichafuka kati ya Sio Port na Majanji, mawimbi huingia kwenye mtumbwi mfupi kama mgeni asiyebisha hodi.

Waganda na watu wa visiwa vya Ssese walilitatua jambo hili zamani. Walichonga gogo refu, si liwe chombo chote bali liwe uti wa mgongo, kisha wakashonea mbao juu yake kwa nyuzi za mimea. Naam, kushona, kama unavyoshona kikapu. Sehemu ya mbele iliachwa itokeze kama mdomo wa ndege, na kwenye mitumbwi ya kivita ilipambwa kwa pembe na manyoya. H. M. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 alizikuta mamia za namna hiyo katika jeshi la Kabaka Mutesa. Yeye mwenyewe alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Sijui kama alifikiri juu ya kichekesho hicho: kusafirisha mashua kwa kichwa miezi mitatu hadi kwenye ziwa lililojaa mashua.

Misumari ilipopatikana, sindano ikawekwa kando. Kisha likaja jambo la samaki. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa tele na viwanda vikimnunua kwa ajili ya Ulaya. Mvuvi sasa alihitaji kwenda mbali, kubeba nyavu nyingi na kufunga injini nyuma. Mtumbwi wa gogo, wenye ncha mbili zilizochongoka, hauna hata mahali pa kuifunga injini hiyo.

Jibu la pili ni la hesabu, na hili ndilo ambalo wanaoomboleza mambo ya kale hawapendi kuliangalia. Kumbuka gogo letu la mita za ujazo 2.5. Mtumbwi uliomalizika, wenye ukuta wa sentimita 4 kwa wastani, una mbao robo mita ya ujazo tu. Sehemu moja katika kumi! Tisa zimelala chini kama vibanzi, zikipikia chai. Gogo hilo hilo likipasuliwa kwa msumeno, hata tukisema zaidi ya nusu imepotea kwa maganda na unga, litatoa mita nzima, ambayo huenda ikatosha mashua mbili, kila moja kubwa kuliko ule mtumbwi. Mzee aliyeuacha mtumbwi akapokea mbao hakuwa mjinga wala msaliti wa mila. Alikuwa na mti mmoja.

Na mti huo mmoja una wateja wengi. Katika maboma ya Busia na Siaya mvule mkubwa mara nyingi ni urithi, umesimama tangu babu hajaoa. Mtoto akiitwa shule ya bweni, mpasuaji hubisha hodi akiwa na pesa mkononi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na ingawa rais alitangaza Julai 2023 kwamba katazo limeondolewa, shida ya mvule iko mashambani zaidi kuliko msituni. Kusafirisha gogo lako mwenyewe bado kunataka kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Mbele ya karo, robo mita ya mtumbwi haina hoja.

Kwa nini basi tusipande mvule mwingi? Watu wamejaribu. Miche ikipandwa pamoja, mvule kwa mvule, kuna mdudu mdogo ambaye huyavamia machipukizi yake, yakavimba vivimbe na kuoza, mche ukadumaa. Hustawi afadhali ukichanganywa na miti mingine. Tena mvule una dume na jike, kila mmoja na mti wake. Ukikata jike pekee lililobaki kijijini, dume litasimama pale kama mjane, na wale popo wanaokula matunda na kutawanya mbegu hawatakuwa na la kutawanya. Mwanafunzi wa bayolojia anayesoma hapa, hilo ni swali zuri la kumtega mwalimu wako.

Estonia walifika penye shida kama yetu. Katika eneo la mabwawa liitwalo Soomaa huchonga mtumbwi kutokana na gogo moja, kisha wakautanua kwa moto na maji hadi kuta zikafunguka kama ua, na kwa hiyo ukawa mpana kuliko mti wenyewe. Mafundi walikuwa wamebaki wachache. Wakaanzisha kambi za kuwafundisha vijana, na mwaka 2021 UNESCO iliuweka ufundi huo katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Walichagua kuchonga michache, kila mmoja ukiwa darasa. Mimi naona huo ni mpango wenye busara kuliko ule wetu wa kuutundika mtumbwi mmoja nje ya hoteli na kuupandia maua.

Lakini usifikiri tezo imekufa Sio Port au kwingineko ziwani. Likizo ijayo ukiwapeleka watoto nyumbani kwa nyanya yao, na njia ikawapitisha mahali panapoundwa mashua, simama uwaonyeshe. Usiwaonyeshe mbao za ubavuni. Hizo ni za msumeno. Waambie wachungulie ndani, wayatazame mataruma, yale mapande yaliyopinda yanayoshikilia mbavu za mashua. Hayo hayapindwi kwa mashine. Fundi huenda vichakani akitafuta tawi ambalo lenyewe limeota likiwa na pindo analolitaka, akalikata, akaketi nalo kivulini na tezo, akalipunguza kidogo, akaenda kulijaribu ubavuni. Halijakaa. Analirudisha kivulini, anapunguza tena.